Hadubini Inayochapishwa Dar es Salaam: Uchambuzi wa Kisa cha OpenFlexure

Mwaka 2020 jarida la Biomedical Optics Express lilichapisha makala kuhusu hadubini ya maabara ambayo sehemu kubwa ya mwili wake ni plastiki iliyochapishwa kwa printa ya 3D, na katika orodha ya waandishi wake, pamoja na wanafizikia wa Uingereza, yalikuwamo majina ya Joram Mduda, Catherine Mkindi, Valeriana Mayagaya, Grace Mwakajinga, Paul Nyakyi na Valerian Sanga. Hadubini hiyo huitwa OpenFlexure. Ilianza kama kazi ya mwanafizikia Richard Bowman akiwa Cambridge, ikaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Bath na kisha Glasgow, ikatengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Bongo Tech & Research Labs, iliyojulikana awali kama STICLab, na ikajaribiwa kwa sampuli za damu, ili kuona vimelea vya malaria, na Taasisi ya Afya Ifakara, Bagamoyo.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukomea kwenye bei, kwa kuwa toleo lake la chini kabisa liliwahi kutangazwa kuwa linaweza kutengenezwa kwa pauni 15 hivi. Kwa maoni yangu bei ndiyo sehemu ndogo ya habari. Toleo hilo la pauni 15 halimtoshi mtafiti wa malaria, na toleo linalomtosha, lenye mota, kompyuta na lenzi nzuri, hugharimu mara nyingi zaidi ya hapo, ingawa bado liko mbali sana na bei ya hadubini za mota zinazouzwa na makampuni makubwa. Kinachostahili kuchambuliwa ni sharti ambalo wabunifu walijiwekea tangu mwanzo, kwamba anayekitumia kifaa aweze kukitengeneza, kukifungua na kukibadilisha pale pale alipo. Sharti hilo lilifunga njia nyingi za kawaida za kiufundi, na katika kutafuta njia nyingine ndipo uvumbuzi wenyewe ulipozaliwa.

Tuanze na tatizo. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta kwamba asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu zake zinafahamika na kila aliyewahi kusimamia maabara katika nchi zetu: hakuna mtu aliyefundishwa kukirekebisha kifaa, vipuri hakuna, na mtengenezaji yuko bara lingine akitaka kifaa kirudishwe kwake au mtaalamu wake alipiwe safari. Hadubini ina adha yake ya ziada katika miji ya pwani, kwa kuwa joto na unyevu huotesha kuvu juu ya lenzi, na meno ya chuma yanayosogeza jukwaa la slaidi hushika kutu au grisi yake ikakauka. Kifaa cha msaada kinachofika kikiwa kizima, kisha kikaharibika skrubu moja isiyouzwa popote nchini, huishia kabatini, na utafiti uliokuwa ukikitegemea husimama.

Malaria nayo haikubali hadubini ya hivi hivi. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita saba hadi nane, na kimelea cha Plasmodium falciparum katika hatua yake changa huonekana kama pete ndogo ndani ya seli hiyo, pete yenye mikromita moja au mbili tu. Ili kuiona vizuri, damu hupakwa kwenye slaidi kwa utando mnene wa kutafutia vimelea na utando mwembamba wa kutambulia aina yao, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha husomwa kwa lenzi ya ukuzaji wa mara 100 yenye tone la mafuta kati yake na slaidi. Msomaji hatakiwi kusema hakuna kimelea mpaka awe amepitia angalau fildi 100, yaani maeneo yanayoonekana kwa lenzi kwa mara moja, za utando mnene, na akikuta vimelea huvihesabu dhidi ya seli nyeupe 200 au zaidi, kisha hukadiria wingi wao kwa kuchukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Hii ni kazi ya macho na subira. Kwa lenzi ya aina hiyo, tabaka linaloonekana kwa ukali halifiki unene wa mikromita moja, kwa hiyo jukwaa likitikisika au likiteleza kidogo tu, pete yote hupotea.

Hapa ndipo plastiki ingetarajiwa kushindwa. Jukwaa la hadubini ya kawaida husogea juu ya reli za chuma zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, na ubora wake wote umo katika jinsi nyuso mbili zinavyoteleza bila kukwama wala kulegea. Printa ya 3D ya bei nafuu huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, na uso unaotoka humo una mistari inayokwaruza kidole. Ukijenga reli kwa njia hiyo, jukwaa litaruka, litakwama, kisha litaruka tena. Bowman na wenzake hawakujaribu kuilainisha plastiki. Waliondoa kabisa mtelezo. Katika makala yao ya mwaka 2016, iliyotoka katika Review of Scientific Instruments, walionyesha jukwaa lililochapishwa likiwa kipande kimoja, ambamo miguu minene ya plastiki imeunganishwa na vipande vyembamba vinavyopinda, kama ukanda mwembamba unaoshika kifuniko cha chupa ya shampuu kikifunguliwa na kufungwa bila bawaba. Plastiki ikipinda ndani ya mipaka yake haina msuguano wala nafasi ya kulegea. Hurudi pale pale ilipokuwa.

Jukwaa hilo la kwanza liliweza kusogea milimita 8 kwa 8 kwa upande na milimita 4 kwenda juu, na matoleo yaliyofuata yakafikia 12 kwa 12 kwa 4. Lililowashangaza wengi, nami nikiwa mmoja wao niliposoma matokeo yale mara ya kwanza, ni utulivu wake. Likiachwa wiki nzima bila kudhibitiwa joto la chumba, lilihama chini ya mikromita 20. Mtafiti anayetaka kupiga picha ya seli zilezile kwa siku kadhaa ndani ya kitotoleshi, kabati la kutunzia seli katika joto maalumu, anajua thamani ya namba hiyo, maana kifaa cha chuma kinachofanya vivyo hivyo si rahisi kukipata, na kukiingiza ndani ya kitotoleshi chenye unyevu ni kukiweka hatarini. Umbo lenyewe pia lilichorwa ili lichapike bila nguzo za muda za kushikilia sehemu zinazoning'inia, kwa hiyo fundi hana kazi ya kukwangua mabaki kwa kisu baada ya kuchapa. Ni jambo dogo kulitaja, lakini nguzo hizo zingekuwapo, kila hadubini ingetofautiana na nyingine kulingana na mkono wa aliyezikwangua.

Kusogeza jukwaa ni kazi ya skrubu za M3, zile za kipenyo cha milimita tatu, ambazo kila mzunguko mmoja husonga nusu milimita. Katika toleo la mota, skrubu hizo huzungushwa kupitia gia za plastiki na mota ndogo za umeme wa volti 5, aina ileile inayogeuza mabapa ya kupitishia hewa katika viyoyozi vya nyumbani. Mota hizi zina gia zake ndani, na mhimili wake hukamilisha mzunguko kwa hatua zaidi ya 4,000. Ukijumlisha gia za ndani, gia za nje na mwendo wa skrubu kwa kila mzunguko, hatua moja ya mota hulisogeza jukwaa chini ya nanomita 100, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya mikromita. Oringi za mpira huivuta mikono ya plastiki isiachane na skrubu. Hakuna katika orodha hiyo kipuri ambacho fundi wa vifaa vya umeme hakijui.

Upande wa macho nao ulihitaji maamuzi magumu. Mwili wa hadubini ni plastiki, lakini lenzi kuu, ile inayokaa karibu kabisa na slaidi, ni ya kioo na ni ya kawaida, yenye uzi wa skrubu unaotumika duniani kote, kwa hiyo maabara yenye hadubini ya zamani iliyokufa inaweza kuing'oa lenzi yake na kuipa maisha mapya. Nyuma yake kuna lenzi nyingine fupi ya kukusanya taswira, na mahali ambapo jicho lingekuwa pamewekwa kamera ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, baada ya kuiondolea lenzi yake. Kamera hiyo ina pikseli milioni nane, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 1.12, na udogo huo wa pikseli ndio unaoruhusu njia ya mwanga kufupishwa bila kupoteza undani wa picha.

Kuiondolea kamera lenzi yake kulileta tatizo ambalo halikuonekana mapema. Vihisi vya kamera ndogo hufunikwa na lenzi ndogo mno, moja juu ya kila pikseli, na zile za pembezoni huwa zimesogezwa kidogo ili zipokee mwanga unaoingia kwa mshazari kutoka kwenye lenzi ya kiwandani. Mwanga wa hadubini hauji kwa mshazari huo. Huja karibu wima. Matokeo yake ni picha yenye kona za giza na rangi zilizopauka pembezoni. Kwa mtu anayepiga picha za maua hilo lingevumilika, lakini rangi ya Giemsa ndiyo lugha ambayo kimelea hujieleza nayo: kiini chake huonekana chekundu au zambarau, na mwili wake wa buluu. Rangi zikipauka kwenye kona, fildi nzima haiaminiki. Kundi la Bath liliandika njia ya kupima upungufu huo kwa kila kamera na kuurekebisha kwa programu, wakaichapisha ili mtu yeyote mwenye kamera hiyo aitumie. Nakaa juu ya jambo hili kwa sababu linaonyesha gharama iliyofichika ya kutumia kipuri cha bei rahisi, kwani kipuri kilichobuniwa kwa kazi nyingine huja na mazoea ya kazi hiyo, na mwenye kukihamishia kazi mpya ndiye anayelipa kwa muda wake.

Ufumbuzi ninaoupenda kuliko yote ni wa kuweka fokasi bila mkono wa mtu. Slaidi ya damu haiwi bapa kabisa, hivyo hadubini inayopitia mamia ya fildi peke yake lazima itafute ukali wa picha upya kila inapohama. Njia ya kawaida ni kupiga picha, kuikokotolea ukali, kusogea kidogo, kupiga tena, jambo linaloichosha kompyuta ndogo na kuchukua muda mrefu. Joe Knapper na wenzake walitumia hali iliyokwisha kuwapo ndani ya kamera. Kamera hutuma picha zake zikiwa zimebanwa, na picha yenye undani mwingi haibaniki sana, hivyo faili lake huwa kubwa; picha iliyofifia hubanika kwa urahisi na faili lake huwa dogo. Lenzi husogezwa mfululizo kupita kwenye fokasi, kompyuta ikisoma ukubwa wa kila faili linalopita bila hata kulifungua, kisha lenzi hurudishwa pale faili lilipokuwa kubwa kuliko yote, ikisogezwa kutoka upande uleule ili ulegevu wa gia usiharibu kipimo. Hakuna kihisi kilichoongezwa wala senti iliyotumika.

Sasa twende Dar es Salaam. Mchoro wote wa OpenFlexure uko wazi chini ya leseni ya vifaa huria ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, na maana yake kisheria ni kwamba kampuni ya Tanzania inaweza kuutumia, kuubadilisha na kuuza kinachotoka humo bila kuomba ruhusa wala kulipa mrabaha. Mwenye kushuku anaweza kusema kwamba uwazi huo ni wa upande mmoja tu, Ulaya ikibuni na Afrika ikichapa. Katika kisa hiki haikuwa hivyo kabisa. Bodi ya kielektroniki inayoendesha mota huitwa Sangaboard, na ilibuniwa kwa ushirikiano wa Bath na mafundi wa Dar es Salaam. Aidha, anayechapa hadubini kwa printa inayokatikiwa umeme hujua upesi ni sehemu gani za mchoro zinazochukua saa nyingi mno, na anayetafuta skrubu madukani hujua ni ipi isiyopatikana. Taarifa za namna hiyo haziwezi kutoka kwa mtu aliyeketi Uingereza penye duka la kila kitu. Kufikia makala ya 2020, zaidi ya hadubini 100 zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya elimu, utafiti na majaribio ya kitabibu, na picha za utando mwembamba wa damu zilizochapishwa, zilizopigwa kwa lenzi ya mara 100, zilionyesha pete za falciparum waziwazi.

Kwa utafiti wa biolojia kwa ujumla, faida inapita malaria. Mwili uleule wa plastiki hupokea vifaa vya kuangazia kwa mwanga uliochujwa mwelekeo, au vya kuona sehemu za seli zinazong'aa zikipigwa na mwanga wa rangi maalumu. Mtafiti anaweza kupanga hadubini kadhaa zifanye kazi kwa pamoja, jambo ambalo bei ya kawaida hailiruhusu, na katika maabara za vimelea hatari, ambamo kifaa kikishaingia hakitoki, hadubini inayoweza kuteketezwa bila majuto ni jambo la usalama. Lakini naona faida kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi wa biolojia wa chuo chetu chochote anaweza kuuliza swali ambalo kifaa kilichopo hakiwezi kulijibu, kisha akabadilisha kifaa. Kwa vizazi vingi amefundishwa kubadilisha swali.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo sifa hizi haziyaondoi. La kwanza ni kwamba utengenezaji wa hapa nyumbani umefika kwenye plastiki na nyaya, haujafika kwenye kioo wala kompyuta. Lenzi kuu huagizwa kutoka nje. Kompyuta za Raspberry Pi nazo huagizwa, na uhaba wa chipu ulioikumba dunia kuanzia mwaka 2020 ulizifanya ziwe adimu kwa muda mrefu. Mchoro ulio wazi hauwezi kuchapa kompyuta. Atakayeendeleza kazi hii lazima aweke akiba ya vipuri hivyo, au aruhusu mchoro upokee kamera na kompyuta za aina nyingine, na hilo la pili lina gharama yake, kwa kuwa marekebisho ya rangi niliyoyaeleza hapo juu yanahitaji kupimwa upya kwa kila aina ya kihisi.

La pili ni zito zaidi. Hadubini ya utafiti na hadubini ya kumtibu mgonjwa zinaweza kuwa kifaa kilekile kwa umbo, lakini mbele ya sheria ni vitu viwili. Ili majibu yake yatumike hospitalini, mtengenezaji anatakiwa kuwa na mfumo wa ubora, mara nyingi kwa kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba, ISO 13485, kila kifaa kiwe na kumbukumbu ya vipuri na vipimo vyake, na mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iridhike na ushahidi. Mfumo huo ulijengwa kwa kudhania kuwapo kiwanda kimoja chenye mchoro mmoja usiobadilika. OpenFlexure ina wachangiaji wengi na mchoro wake huboreshwa mara kwa mara, na kila uboreshaji, hata wa unene wa mguu mmoja wa plastiki, kwa macho ya mdhibiti ni badiliko linaloweza kudai ushahidi mpya. Wapo wanaoliona hili kuwa urasimu. Sikubaliani nao. Mtoto mwenye homa ambaye kimelea chake hakikuonekana kwa sababu jukwaa lilichapwa kwa uzi wa plastiki uliofyonza unyevu hana nafasi ya kusubiri toleo lijalo.

Njia inayofaa, kwa jinsi ninavyoona, ni kuutenganisha mchoro katika mikondo miwili: mmoja wa watafiti, unaobadilika kila wanapouliza swali jipya, na mwingine uliogandishwa, ambao kampuni ya hapa nchini inauchukua kwa jina lake na kuubeba mbele ya mdhibiti kama mtengenezaji wa kisheria. Mzigo huo ni wa gharama kuliko printa zote ilizonazo, na fedha za utafiti kwa kawaida hulipia uvumbuzi na makala, hazilipii miaka ya kujaza fomu za ubora na kupima kila chapa inayotoka. Kinachohitajika kwanza ni slaidi zilezile, zenye vimelea vingi, vichache na zisizo na kimelea, zisomwe na wataalamu waliothibitishwa kwa hadubini zao za kawaida, kisha zisomwe kwa picha za OpenFlexure zilizotoka katika mashine kadhaa zilizochapwa siku tofauti, msomaji akiwa hajui ipi ni ipi. Bagamoyo kuna damu, kuna wasomaji na kuna uzoefu wa miongo mingi wa kuendesha majaribio ya malaria, kwa hiyo jaribio hilo halina haja ya kwenda kufanyiwa kwingine.